Bipu Saba Zilizohesabiwa Tano

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, najua mtacheka mtu wa miaka ishirini na tisa kujiita mstaafu. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize. Mwezi uliopita tuliizima ile kompyuta ndogo ya Kigera iliyokuwa ikihesabu boti za Rukuba. Haikuharibika. Makapteni sasa wana simu kubwa na kundi lao, wakifika wanatuma picha wakiwa wamesimama kando ya boti, wengine wameshika sato. Niliichomoa waya mwenyewe, nikaipangusa vumbi, nikaiweka kwenye boksi la viatu. Miaka sita ya maisha yangu imo humo ndani. Mtu ambaye kazi yake imezimwa hivyo ni mstaafu, hata kama magoti bado hayamuumi.

Nawaandikia hasa wale wenye hofu kama yangu. Mimi ni mtu wa kufikiria kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" bila nukta, najiuliza nimemkosea nini. Akiweka nukta, najiuliza kwa nini ameiweka. Kwenye kazi ya kuandika programu tabia hiyo inaweza kukusaidia, na inaweza kumtia mtu mwingine majini. Nitafika huko.

Ofisi yetu pale Kigera, Musoma, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mshona nguo. Chumba kimoja kilikuwa cha Dada Wakuru, cha pili cha mashine na mimi. Dada Wakuru ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ameishi Dar miaka mingi akiandika programu za ndani kabisa, zile zinazozungumza na mfumo wenyewe wa kompyuta, kisha akarudi kwao Butiama kumwangalia mama yake na ng'ombe wa mama yake. Alikuja Musoma siku nne kwa wiki. Siku ya tano alisema ni ya ng'ombe, na ole wako umpigie simu wakiwa josho, wakiogeshwa dawa ya kupe.

Kazi ilikuwa hivi. Ushirika wa wavuvi ulitaka kujua kila boti iliyotoka Mwigobero, mwalo wa boti wa mjini Musoma, kwenda kisiwa cha Rukuba kama imefika. Kipindi kile simu zetu zilishika mtandao sehemu moja tu kule kisiwani, juu kwenye mawe. Kwa hiyo palikuwa na Mama Tabu, muuza chakula wa mwaloni Rukuba, ambaye boti ikifika alipanda kwenye mawe na kutubipu. Boti moja, bipu moja. Boti tatu zikifika pamoja, bipu tatu. Hakuna salio lililotumika na hakuna maneno. Kompyuta yetu ilipokea bipu, ikaongeza moja, na namba ikatokea kwenye ubao wa taa pale sokoni Mwigobero: zilizoondoka ngapi, zilizofika ngapi. Wake za makapteni walikuja kuuza dagaa wakiwa na jicho moja kwenye ubao.

Siku yangu ya kwanza Dada Wakuru aliniuliza, "Mdogo wangu, chuoni walikufundisha programu inavyojitumia ishara?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimesoma, ila sikuwa nimeelewa. Nilihofia kusema sijui.

"Nieleze."

Nikaanza kueleza, nikajichanganya. Hakunicheka. Alichukua simu yake akanibipu, simu yangu ikalia mara moja ikakata.

"Nimekuambia nini?"

"Hujaniambia kitu. Umenibipu tu."

"Ehe. Ishara ni hiyo. Inakushtua, haikupi maneno. Wewe unaacha ulichokuwa unafanya, unaenda kuangalia kuna nini, unarudi ulipoishia. Sasa programu nayo inaweza kujibipu yenyewe. Ina namba yake, inaijua. Unaiambia *raise*, inajibipu. Au unaiambia *kill* na namba yake."

"*Kill* si ni kuua?"

"Jina baya tu. Kazi yake ni kutuma ishara. Sawa na watu wanaoitwa Shida, si wote wana shida."

Niliporudi nyumbani Bunda mwisho wa mwezi, baba aliniuliza mbele ya wageni ni kazi gani hasa ninayofanya. Nikajibu kwamba nafundisha programu kujipigia simu. Baba alitafakari, akauliza, "Na inapokeaga?" Wageni wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nililala nikiwaza kama baba alinitania au alikuwa ameuliza swali la maana. Leo najua lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa chuoni.

Acha niwape makosa yangu mawili matatu, msiyarudie.

La kwanza ni la saa ya kuamsha. Programu inaweza kujiwekea ishara ya baadaye, kama mtu anayetega simu imwamshe. Amri yake ni *alarm*. Nilitaka programu ikikwama kwenye modemu, kile kifaa chenye laini ya simu kilichopokea bipu, kwa sekunde kumi ijishtue na kujaribu tena. Nikatega. Kila baada ya sekunde kumi programu ilikufa. Haikulalamika, ilikufa tu. Nilikaa siku mbili. Niliandika kurasa kumi na moja za sababu zinazowezekana, pamoja na umeme wa Kigera, joto la chumba, na uwezekano kwamba cherehani ya jirani inatingisha meza. Dada Wakuru alisoma ukurasa wa kwanza akakunja daftari.

"Uliiambia ikiamka ifanye nini?"

"Ijaribu tena."

"Wapi uliiambia?"

Sikuwa nimeiambia popote. Na ishara ile, usipoiandikia la kufanya, kazi yake ya asili ni kuizima programu. Nilikuwa nimetega saa inayomuua anayelala. Kwa hiyo kumbuka, kila ishara unayoituma andaa kwanza anayeipokea. Mpokeaji kwanza, bipu baadaye.

La pili ni la sifuri. Ukiiambia *kill* itume ishara kwa namba sifuri, haitumi kwa programu yako peke yake. Inatuma kwa kundi zima lililoanzishwa pamoja nayo. Mimi nilidhani sifuri maana yake ni "mimi mwenyewe". Nikazima programu yangu, na ya ubao, na ya Dada Wakuru iliyokuwa inanakili mafaili tangu asubuhi. Alitoka chumbani kwake taratibu, akasimama mlangoni.

"Nyangeta."

"Abee, dada."

"Umetuua wote?"

"Nahisi hivyo."

"Haya. Tufufuke."

Hata akikasirika alikuwa hivyo. Nimewahi kufanya kazi na watu wengine baadaye, kwa muda mfupi mfupi, na sijapata mtu wa kuniambia "tufufuke".

Na alikuwa na amri moja aliyoipenda, *abort*. Kwa amri hiyo programu inajitumia ishara ya kujizima kwa makusudi inapogundua mambo hayaeleweki, na inaacha nakala ya kila kitu ilichokuwa nacho kichwani ili mkachunguze. Mimi nilikuwa naandika programu zangu zivumilie. Namba ikija isiyowezekana, niliirekebisha kimyakimya ili ubao usionekane vibaya. Yeye alikuwa akizifuta sehemu hizo bila huruma. "Programu ikishajua imepotea isijifanye inaijua njia," alisema. "Ipige kelele izime. Iliyozima tutaiona. Inayodanganya kwa upole tutaiamini."

Nilidhani anazungumzia programu tu.

Sasa niwaambie ya boti.

Programu ya kuhesabu ilikuwa na sehemu mbili, tuseme mafundi wawili ndani ya nyumba moja. Mmoja, aliyeandikwa na Dada Wakuru, alikaa kwenye modemu. Bipu ikiingia aliiandika kwenye orodha, kisha akaitumia programu yenyewe ishara. Fundi wa pili, niliyemwandika mimi, akipata ishara aliongeza moja na kupeleka namba kwenye ubao. Na kwa sababu hutaki kushtuliwa katikati ya kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, nilimfanya huyu wa pili afunge mlango kila anapoandika. Ishara zikija mlango umefungwa, zinasubiri nje. Akimaliza anafungua, zinaingia.

Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, kwamba zinasubiri. Mimi nikaongeza la kwangu bila kujua kwamba naongeza. Nilikulia kwenye bipu. Kwetu mama akibipu mara moja ana maana amefika sokoni, mara mbili ana maana uje na toroli. Simu yako hata ikiwa mbali utaikuta imeandika simu mbili zilizokosekana. Kwa hiyo nilichukulia tu kwamba ishara tatu zikisubiri mlangoni zitaingia tatu. Wala sikulifikiria hilo. Mtu wa kufikiria kila kitu kama mimi, hilo moja sikulifikiria.

Jumanne moja Mama Tabu alibipu mara nne, ubao ukaonyesha tatu. Nilijua kwa sababu jioni alivuka kuja Mwigobero kununua mchele akapitia ofisini kutusalimia, akataja nne. Karani wa ushirika alikuwa ameshairekebisha namba kwa mkono, akidhani ni mtandao. Nami nikasema labda ni mtandao. Kisha nikasema labda Mama Tabu amehesabu vibaya. Kisha nikasema labda ni mimi. Hapo kwenye "labda ni mimi" ndipo nilipokwama. Nilifungua daftari nikaandika. Jumatano nikaandika tena. Dada Wakuru alikuwa chumbani kwake, ukuta mmoja kati yetu, namsikia anakohoa. Kila nikisimama niende kumwambia nilijiambia ngoja kwanza nipate uhakika, nisije nikaonekana sijui kazi. Alhamisi aliondoka kwenda Butiama.

Ijumaa mchana upepo uliamka ghafla. Boti saba zilikuwa zimeondoka asubuhi na barafu ya kwenda kuchukulia sangara. Saa nane karani wa ushirika akanipigia simu. Ubao unaonyesha tano zimefika, na Mama Tabu hapatikani, amekwisha kushuka kutoka kwenye mawe.

"Mbili bado ziko majini," karani akasema. "Hapa watu wanalia. Kapteni Mafuru anatia mafuta."

Kapteni Mafuru ndiye aliyekuwa anaendesha boti ya msaada ya ushirika. Mtu mfupi, mwenye maneno mengi, aliyezoea kuniita "binti wa bipu" na kuniuliza kama nimeshaolewa na kompyuta. Karani aliweka simu karibu naye nikamsikia akimwambia mtu, "Hii maji leo si ya kucheza, ila mbili ni mbili. Siwezi kukaa hapa nahesabu taa."

Nilikata simu. Nikampigia Dada Wakuru.

"Niko josho," alisema.

"Dada, Jumanne ubao ulikosea. Nne zikawa tatu. Sikukwambia. Leo unasema tano na upepo ni mkali na Mafuru anaenda kutafuta mbili."

Nilisikia ng'ombe, kisha sauti yake, ya taratibu sana. "Usiangalie ubao. Fungua orodha ya modemu. Bipu ngapi kutoka kwa Mama Tabu tangu asubuhi?"

Nilifungua. Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Nikahesabu tena.

"Saba."

"Tatu za mwisho zilikuja saa ngapi?"

"Pamoja. Ndani ya dakika moja."

"Na yule fundi wako alikuwa amefunga mlango, anaandika kwenye kadi, na kadi ile ni nzee, inachelewa. Nyangeta, ishara haihesabiki. Ya aina moja ikishasimama mlangoni, zinazofuata za aina hiyohiyo hazipangi foleni. Zinapotea ndani ya ile ya kwanza. Zilikuja bipu tatu, yeye akafungua akakuta moja. Boti zote zimefika. Msimamishe Mafuru."

Namba ya Mafuru ilikuwa haipatikani, na ya karani ilikuwa inatumika. Nilipata bodaboda, nikafika Mwigobero nikiwa nimevaa ndala za ofisini. Boti ya msaada ilikuwa imeshatoka. Niliiona mara mbili ikipanda juu ya wimbi, halafu sikuiona tena. Simu yake alikuwa ameiacha kwa mdogo wake isiloane. Mdogo wake aliinyoosha mbele yangu, haina chaji, kana kwamba mimi ndiye ningejua cha kuifanyia.

Niliwaambia wale wanawake kwamba boti saba zote zimefika. Mmoja akaniuliza, "Sasa Mafuru amemfuata nani?"

Nilirudi Kigera kwa sababu kule ndiko kulikokuwa na orodha, na orodha ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Nikakaa mbele yake. Mstari wa saba ulikuwa wa mwisho. Mtu akienda Rukuba kwa boti ile, siku tulivu, hamalizi saa nzima. Saa ilipita. Ikapita na nusu nyingine. Karani alipiga, sikupokea, kisha nikapokea, hakuwa na jipya, alitaka tu kusikia sauti ya mtu. Dada Wakuru alipiga akasema yuko njiani anakuja. Mshona nguo aliniletea uji, nikaushika mpaka ukapoa. Mvua ilianza na kuacha. Ziwa kutoka Kigera hulioni, unalisikia tu ukiwa kimya, na siku ile nililisikia vizuri.

Ilikuwa saa kumi na robo mstari wa nane ulipotokea. Namba ya Mama Tabu. Bipu moja.

Mama Tabu alikuwa amepanda tena kwenye mawe, kwenye mvua, kwa sababu boti ya nane imefika.

Nililia pale mezani. Dada Wakuru aliponikuta alivuta kiti, akakung'uta matope viatuni, akasema, "Haya. Nionyeshe mlango."

Marekebisho yalikuwa mistari michache, nawapa kama nilivyopewa. Usihesabu ishara. Ishara iwe na maana moja tu: kaangalie. Fundi akiipata, aende kwenye orodha asome tangu pale alipoishia mpaka mwisho, awe amekuta mstari mmoja au kumi. Hapo hata bipu tatu zikigeuka moja, haidhuru, kwa sababu hesabu haimo kwenye bipu, imo kwenye maandishi. Na ndani ya kile kipande cha kupokea ishara usifanye kazi kubwa. Weka alama tu kwamba umeshtuliwa, kazi ifanyike nje ukiwa umetulia. Nimeandika programu nyingi tangu hapo na sijapata sababu ya kufanya vingine.

Jumamosi asubuhi Kapteni Mafuru alikuja Kigera. Hakuwa amewahi kufika ofisini. Aliinama mlangoni ingawa ni mfupi, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kamba ilikuwa imemchuna.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Hao watu wawili niliokuwa nawatafuta," akasema, "nimewakuta wanakula. Wananiuliza, Mafuru, na upepo huu umefuata nini huku, una deni na mtu?" Alicheka peke yake. Mashine ilikuwa imezimika mara mbili katikati, akasema, na mara ya pili alikuwa anatupa maji nje kwa kidumu kilichokatwa, na anaongea na marehemu mama yake.

Dada Wakuru akafungua mdomo. Nilijua anataka kunisemea. Nikamtangulia.

"Kapteni, ubao ulikosea. Ni kosa langu mimi. Sehemu ile nimeiandika mimi."

Akaniangalia. "Ilianzaga jana?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Pale ndani ni Dada Wakuru peke yake ambaye angejua.

"Hapana. Niliona Jumanne."

"Jumanne." Alihesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Mimi nimeenda Ijumaa. Hizo siku zote ulikuwa unafanya nini, binti?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Unafikiria nini?"

"Kama kosa ni langu."

"Na kumbe lilikuwa la nani?"

"Langu."

Mafuru aliinuka, akajaribu kiganja chake kama kinakunja.

"Basi ungesema Jumanne," akasema. "Lingekuwa lako vilevile."